Injini Isiyozimwa

Kwa siku kumi na moja injini ya gari la mizigo la Purevjav haikuwa imezimwa. Mchana ilinguruma ikipanda na kushuka mtaa wa mahema kwenye kilima cha kaskazini mwa Ulaanbaatar, na usiku ilinguruma nje ya uzio wa mbao, imefunikwa blanketi la sufi kama mgonjwa wa homa. Nomin, binti wa miaka sita, alikuwa ameshazoea kulala kwa mlio huo. Mdogo wake wa miezi saba alifika mahali akawa hasinzii mpaka ausikie.

Tatizo lilikuwa stata, ile mota ya kuwashia injini. Ukizungusha ufunguo ilitoa sauti moja kavu, tak, basi. Fundi Zundui, jirani wa uzio kwa uzio, aliifungua akakuta nyaya za ndani zimeungua na meno ya gia yamelika upande mmoja. Akairudisha vilevile ilivyokuwa ili shimo lisibaki wazi, akalifunga gari kamba nyuma ya kigari chake cha Kijapani, akalivuta mpaka likawaka. Siku hiyo baridi ilikuwa ya kuvumilika.

"Sasa lisizimwe," alisema akijifuta mikono kwenye suruali. "Ukilizima, na baridi ikazidi, utalivuta mpaka Urusi na huko nako wasilipokee."

Kuitengeneza ile ya zamani haikuwezekana. Kupata nyingine iliwezekana. Dulmaa, mwenye kontena la spea katika soko la magari, alikuwa nayo moja iliyong'olewa kwenye gari lililogongwa huko Korea, nzima, meno yote. Aliitaka tugrik laki mbili na themanini elfu. Purevjav alikuwa na laki moja na nusu. Dulmaa alikubali kumwekea mpaka siku ya mshahara, bila kupokea kitu, kwa kuwa alimjua mke wake tangu wakiuza soksi pamoja. Lakini kila usiku, ili gari lisilale, injini ilikunywa dizeli ya elfu ishirini na tano. Sarangoo, huyo mke, aliwahi kuandika hesabu hiyo kwa kidole juu ya unga aliokuwa akiukanda, kisha akaifuta kabla mumewe hajaiona. Kwa dizeli hiyo walikwisha kuinunua stata. Walikuwa wameichoma usiku mmoja baada ya mwingine, na walikuwa bado wanaichoma.

Kuacha hawakuweza. Kila alfajiri, sikukuu na isiyo sikukuu, Purevjav alipeleka tani moja ya makaa ya mawe kwenye tanuri la shule moja ya chekechea kule bondeni. Tanuri likizimika maji huganda kwenye mabomba, na mabomba hupasuka. Msimamizi wa shule, Bwana Tumur, alikuwa na sharti moja tu, na alilisema kwa upole siku ya kwanza: asubuhi moja ya kukosa, kazi inakwenda kwa mwingine. Ndiyo kazi pekee waliyokuwa nayo.

Mshahara uliingia mkesha wa Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya, saa nane mchana. Soko la magari lilikuwa limefungwa saa sita. Purevjav alisimama mbele ya kontena la Dulmaa akiitazama kufuli, gari likinguruma nyuma yake, kisha akapiga simu. Dulmaa alimwambia yuko jikoni, ana buuz mia sita, vile vimaandazi vya nyama, za kufinyanga na mikono imejaa unga na nyama. Stata ameipeleka nyumbani kwake wezi wasije wakaichukua. Aende siku ya nne, sikukuu ikiisha.

Siku nne tu, Purevjav alimwambia mkewe aliporudi. Wamekwisha kuvumilia kumi na moja. Sarangoo alisema sawa, akampa mtoto ambebe ili yeye aendelee kupika.

*

Jioni hiyo mzee Luvsan, baba yake Purevjav, aliteremka kwenye gari la abiria kutoka bara, amevaa joho la ngozi ya kondoo lililochakaa mabegani. Alikuwa na miaka sabini na minne. Maisha yake yote alikuwa mfugaji, mpaka baridi ya mwaka juzi ilipoua kondoo wake karibu wote katika wiki tatu. Waliobaki aliwauza, na farasi kumi na wanne pamoja nao. Fedha hizo ndizo zilizonunua hili gari la makaa. Yeye akahamia kwa binti yake huko huko bara, mtu mwenye kitanda cha kulala na asiye na cha kuchunga.

Alipokaribia uzio alisimama akalitazama gari kwa muda, kama mtu anayemkuta mnyama wake amekua. Ndani ya hema walimkalisha upande wa kaskazini, mahali pa heshima, wakampa chai ya maziwa yenye chumvi. Usiku wa mkesha haruhusiwi mtu kulala na njaa, kwa hiyo walikula, wakapumzika, wakala tena. Nomin alimweleza babu yake jinsi baba yake anavyojua kugeuza gari mahali ambapo hata punda hawezi kugeuka. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akatega sikio.

"Mbona hilo gari linanguruma peke yake?"

Purevjav alimtazama mkewe, kisha akatazama bakuli lake. "Ni baridi, Baba. Mjini huku tunayaacha hivyo."

"Usiku kucha?"

"Wakati mwingine."

Mzee alirudi kwenye chai yake. Lakini alipogeuka kumsimulia Nomin jambo lingine, Sarangoo alimsogelea mumewe penye jiko, akamnong'oneza amwambie mzee ukweli. Si aibu. Vyuma huharibika.

"Nimwambie nini?" Purevjav alijibu kwa sauti ya chini. "Kwamba farasi wake kumi na wanne hawawezi hata kuamka wenyewe? Leo, usiku wa mkesha?"

"Mwambie tu asiliguse."

"Atauliza kwa nini."

Sarangoo alikuwa na la kusema, lakini mtoto alianza kulia, na alipomaliza kumnyonyesha mumewe alikuwa amelala, naye akalala. Kesho ilikuwa siku ya kuamka kabla ya jua.

Mzee Luvsan alitoka nje kabla ya kulala, kuitazama hali ya mbingu kama alivyozoea. Nyota zilikuwa kali. Alijua huo ni usiku gani. Usiku wa mkesha kila kazi iliyoanzwa humalizwa, kila mzigo huteremshwa, na farasi aliyekuwa na tandiko hutolewa tandiko, maana atakayeuvuka mwaka akiwa amefungwa atafungwa mwaka mzima. Alifikiri vijana wa mjini wamesahau. Alifikiri pia juu ya dizeli, kwa kuwa alijua mwanawe si mtu wa fedha. Mlango wa gari haukufungwa, na ufunguo ulikuwa mahali pake. Akauzungusha kinyume. Injini ikatikisika mara moja, ikashusha pumzi, ikanyamaza. Mzee akalipigapiga ubavuni na kusema maneno mawili matatu ambayo alikuwa akiwaambia farasi, kisha akaingia kulala.

*

Kilichomwamsha Sarangoo saa kumi na moja alfajiri ni ukimya. Alilala macho wazi akiusikiliza, akidhani amepatwa na uziwi. Kisha akasikia mbwa akibweka mbali sana, akajua masikio yake ni mazima. Akamgusa mumewe begani.

Purevjav alitoka na shati tu, ufunguo wa akiba mkononi. Alikaa nje muda mfupi. Sarangoo alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha ile sauti, tak, kisha tena, tak. Aliporudi ndani nywele zake zilikuwa zimeganda, na kabla hajafumbua kinywa mzee Luvsan alikuwa ameketi tayari mahali pa heshima, amevaa joho lake la hudhurungi la sikukuu, kofia kichwani, akisubiri kuamkiwa.

Siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe hakuna kukasirika. Hakuna kulia, hakuna neno baya, hakuna mtu kumlaumu mwingine hata kwa jicho, kwa sababu siku hiyo inavyokwenda ndivyo mwaka wote utakavyokwenda. Hata Nomin alijua hilo. Purevjav alivaa joho lake, akafunga mshipi, akakunjua kitambaa cha buluu cha heshima juu ya mikono yake miwili, akaipitisha mikono hiyo chini ya viwiko vya baba yake kama mtoto anavyomshika mzazi.

"Umeuvuka mwaka kwa amani, Baba?"

"Kwa amani kabisa, mwanangu. Gari lako nimelizima usiku. Mlikuwa mmelisahau." Mzee alielekeza kidevu kwenye madhabahu, palipowaka taa ndogo ya siagi. "Ufunguo nimeuweka pale, usipotee."

Nomin alimtazama baba yake, kisha mama yake.

"Ahsante, Baba," akasema Purevjav.

*

Saa moja asubuhi Zundui alikuwa amelala chali chini ya gari na taa ya moto ya mafuta, bado amevaa joho lake jipya la kijani, akiupasha moto mfuko wa oili. Baridi ilikuwa imefika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Dizeli kwenye tangi ilikuwa nzito kama uji. Alipasha kwa saa mbili, akizungumza na vyuma kwa maneno ambayo siku hiyo hayakufaa kusemwa, na mkewe kutoka ng'ambo ya uzio akimkumbusha kila mara kwamba ni sikukuu.

Mzee Luvsan alisimama kando akishangaa. Aliuliza kama magari yote ya mjini huamka kwa shida hivi. Zundui alichungulia kutoka chini, akamwona Purevjav akitikisa kichwa taratibu, akaelewa.

"Baadhi, mzee," alisema. "Hili ni lile la kupenda kubembelezwa."

Walijaribu kulivuta. Lakini tangu wiki iliyopita kina mama wa mtaa walikuwa wamemwaga maji machafu njiani yakaganda, na njia ilikuwa kioo kitupu. Kigari cha Zundui kiliserereka kushoto na kulia, kamba ikakazika, gari la makaa likasogea, lakini magurudumu yake hayakuzunguka. Lilikwenda lote zima kama gogo linalokokotwa. Mara ya tatu kamba ilikatika na ncha yake ikampiga Zundui kwenye joho jipya, ikaacha mstari mweusi kuanzia begani mpaka kiunoni. Wageni waliokuwa wakipanda kilima kwenda kuamkia wazee wao walisimama kutazama, na kijana mmoja aliyekwisha kunywa alishauri wamfunge mzee mbele avute.

Bwana Tumur alipiga simu saa tatu. Hakupandisha sauti, ilikuwa siku ya kwanza. Aliuliza tu makaa yako wapi, akaambiwa yanakuja. Purevjav aliwapigia wenye magari wanne anaowajua. Wawili walikuwa bara kwa wazazi wao, mmoja amekwisha kulewa, na wa nne alicheka akauliza ni nani anayebeba makaa siku kama ya leo.

Ni Sarangoo aliyewaza magunia. Walitandika nailoni kwenye viti vya kigari cha Zundui, na mke wa Zundui akasimama mlangoni akivitazama viti vyake mpaka walipoondoka. Wakaenda mpaka yadi ya makaa, ambayo Purevjav alikuwa amekabidhiwa ufunguo wake na shule, wakajaza magunia manne kwa mikono, wakayapeleka shuleni. Mpasha moto wa tanuri, mtu mmoja mwenye meno ya dhahabu, aliyahesabu magunia mara mbili kwa kidole, akauliza kama yaliyobaki yako mfukoni. Hayo yangetosha mpaka mchana, na kigari kilichokuwa kikiburura tumbo hakingestahimili safari ya pili.

"Stata ya Dulmaa," Zundui alisema wakirudi. "Nipe ile stata, nitalala chini ya gari mpaka nigande nalo, lakini litawaka leo leo."

*

Siku ya kwanza mtu haendi kwa mtu kununua. Huenda kuamkia. Kwa hiyo Purevjav na Sarangoo walijifuta makaa, wakachukua kitambaa cha buluu na noti ya elfu ishirini ya kumpa mama yake Dulmaa, mzee wa nyumba, na boksi la chokoleti ambalo Sarangoo alikuwa amelificha kwa ajili ya Nomin. Zundui aliwashusha chini ya ghorofa akabaki garini.

Stata ilikuwa pale pale mlangoni, chini ya makoti ya wageni, ndani ya mfuko wa nailoni, shingo yake ya chuma imechomoza nje. Purevjav aliona meno. Aliyahesabu yote wakati anavua viatu.

Walimwamkia bibi, wakatoa noti. Walikalishwa kati ya watu ambao hawakuwajua, wakapewa chai, wakapewa buuz zenye moto, wakapewa kikombe kidogo cha vodka ambacho hakikataliki. Waliulizwa kama mifugo yao imevuka salama, maana hivyo ndivyo inavyoulizwa, hata kwa mtu asiye na mfugo. Purevjav alijibu kwamba imevuka salama. Simu yake ilitetemeka mfukoni mara mbili na hakuitazama. Ilikuwa saa nane.

Sarangoo alimfuata Dulmaa jikoni. Alimweleza yote: mzee, ufunguo, tanuri, Bwana Tumur. Fedha zote anazo hapa, leo, kamili. Dulmaa aliendelea kupanga buuz kwenye chungu cha mvuke, na kadiri alivyosikia ndivyo mikono yake ilivyopungua kasi.

"Mdogo wangu, leo kitu hakitoki nyumba hii."

"Si bure, Dada Dulmaa. Nakulipa."

"Hata kwa kulipwa. Leo, kesho na kesho kutwa." Dulmaa alijifuta mikono akamgeukia. "Unamkumbuka mume wangu? Miaka sita iliyopita, siku kama hii, jirani alikuja kuomba betri. Nikampa, nikasema ni ushirikina wa wazee. Kilichotoka nyumbani siku ya kwanza hutoka na vingine. Mwezi wa tano nikamzika. Najua utaniambia ni moyo ulikuwa mbovu. Daktari naye aliniambia hivyo."

Sarangoo alisema kuna watoto wawili. Alisema kwa sauti ambayo hakuipenda.

"Nami nina watatu na mama," Dulmaa alijibu, na macho yake yakajaa, akayakausha upesi kwa kuwa siku hiyo hakuna kulia. "Usinitazame hivyo. Siku ya nne, alfajiri, nitakuletea mwenyewe mpaka kwenu, na nitakupunguzia elfu thelathini."

Mgeni wa Mwezi Mweupe hatoki mikono mitupu. Walipokuwa wakivaa viatu, Dulmaa alimpa Sarangoo taulo jipya, na Purevjav jozi ya soksi za sufi ya ngamia, na mfuko wa peremende kwa watoto. Alivitoa kwa mikono miwili, nao wakavipokea kwa mikono miwili, huku mguu wa Purevjav ukiwa umeigusa stata chini ya makoti. Zawadi zilikuwa na ruhusa ya kutoka. Walizishukuru.

Simu ililia tena walipokuwa kwenye ngazi. Safari hii Purevjav aliipokea.

Bwana Tumur alimtakia mwaka mwema. Akamwambia bomba la chumba cha kulala watoto limepasuka, bahati nzuri hakuna mtoto leo. Kuna mtu mwenye lori kubwa amekuja baada ya kupigiwa simu, ameleta tani mbili, na amekubali kuleta mpaka mwezi wa tano. Ufunguo wa yadi aurudishe sikukuu ikiisha, hakuna haraka.

"Sawa, Bwana," Purevjav alisema. "Ahsante."

Alisimama na soksi mkononi. Sarangoo alimshika mkono wa joho, wakashuka.

*

Dulmaa alitimiza neno lake. Siku ya nne kabla ya saa moja alikuwa mlangoni na mfuko wake wa nailoni, na akapunguza elfu thelathini, na akakataa chai kwa kuwa hakuweza kukaa. Zundui aliifunga stata mpya kwa dakika arobaini, akalipasha gari moto, akampa Purevjav ishara. Likawaka kwa mguso mmoja. Mlio ulikuwa msafi, wa haraka, kama mtu aliyeitwa jina akaitika. Mzee Luvsan alitabasamu akasema sasa limekubali kubembelezwa.

Asubuhi iliyofuata Purevjav aliamka saa kumi na moja, akavaa nguo za makaa, akaondoka. Sarangoo alimsikia akiwasha na kushuka kilima, na alijua haendi kokote. Alikuwa akienda nyuma ya kilima, karibu na dampo, analizima gari, anakaa ndani yake na joho la ngozi mpaka saa mbili. Kisha anazunguka masokoni kutafuta mzigo wa kubeba. Kwa siku mbili alipata mara moja, kuhamisha kabati. Kazi zote za makaa zilikuwa zimegawanywa tangu vuli, na mwenye gari dogo aliyeacha tanuri lizimike habari zake zilikuwa zimemtangulia.

"Mpaka lini?" Sarangoo alimwuliza.

"Mpaka aondoke. Anaondoka siku ya kumi na tano. Sitaki aende na hatia hii kichwani."

Sarangoo alimwambia kwamba kazi nyingine itapatikana, kwamba stata ni mpya, kwamba gari lenye kuwaka ni mwanzo. Aliyaamini maneno hayo wakati anayasema. Mumewe alimshukuru na kumwachia nusu ya mkate wake.

Siku ya saba mzee Luvsan aliamka kabla ya mwanawe. Alikuwa amefunga mshipi na kushika beleshi. Alisema amekula wiki nzima kama mgonjwa, na mikono inamuuma kwa kukaa. Leo anakwenda kusaidia kupakua makaa. Purevjav alisema ni kazi chafu. Mzee alisema amezalisha farasi katika theluji kwa mikono hii, makaa yatamfanya nini.

Hapakuwa na njia. Walishuka wote wawili, na kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea, Purevjav alijikuta amefika kwenye lango la shule. Lango lilikuwa wazi. Ndani lori kubwa la buluu lilikuwa limeinua sanduku lake na makaa yanaporomoka. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya mbweha, alisimama kando akivuta sigara.

"Yule ni nani?" aliuliza mzee.

"Mwenzangu. Tunapokezana."

Mzee aliteremka kabla mwanawe hajapata la kufanya. Alimwendea yule dereva, akatoa kichupa chake cha ugoro, akampa kwa mkono wa kulia kama siku za Mwezi Mweupe zinavyotaka, akamwuliza kama ameuvuka mwaka salama. Dereva alitupa sigara, akakipokea, akakinusa kwa heshima.

"Mimi ni baba yake Purevjav," alisema mzee. "Nimeambiwa mnapokezana. Mwangalie, hana ndugu mjini."

Dereva alitazama juu ya bega la mzee. Purevjav alikuwa amesimama kando ya gari lake tupu, kofia mkononi, katika baridi ile. Walitazamana kidogo.

"Ndiyo, mzee," alisema dereva akirudisha kichupa kwa mikono miwili. "Tunapokezana. Leo ilikuwa zamu yangu."

Waliporudi nyumbani Purevjav alisema ana shughuli mjini, akaondoka tena. Kabla hajaondoka, mzee alipita nyuma ya gari kana kwamba anaangalia gurudumu, akapitisha kiganja juu ya ubao wa sanduku, pale makaa hupakiwa. Kiganja kilitoka na vumbi la theluji tu. Akakitazama, akakifuta kwenye joho, akaingia ndani.

Sarangoo alikuwa akimvalisha mtoto. Mzee alikaa karibu na mlango badala ya mahali pake, beleshi bado liko mapajani. Alikaa hivyo mpaka Nomin alipotoka kwenda kucheza. Kisha akamwuliza mkwewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, mtaani hapa mtu akimpasulia mwenzake kuni hulipwa kiasi gani kwa gunia.

Sarangoo hakuinua uso. Aliendelea kufunga vifungo vidogo vya mtoto.

"Elfu moja, Baba," alisema. "Wengine elfu moja na mia tano."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akauliza shoka liko wapi.